Lugha Ngeni Ilivyofika Mpanda: Wimbo, Redio na Picha

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii yafaa kuwekwa mlangoni mwa makala haya, kwani tunataka kuzungumzia watu waliokwenda kusikiliza wimbo, kucheka na redio au kutazama picha, na waliporudi nyumbani wakajikuta wameokota lugha. Siku hizi walimu wengi wa lugha za kigeni hutumia nyimbo, vipande vya filamu na video zinazopendwa na vijana kwenye intaneti, na jambo hilo hutajwa kama uvumbuzi wa zama zetu. Historia inatuonesha kuwa njia hiyo ni ya zamani, ila vyombo ndivyo vilivyobadilika. Tumeichagua Mpanda, nchi iliyo mbali na bahari na mbali na vyuo vikuu, kwa sababu huko lugha ngeni iliyoingia kwa njia hiyo kabla ya nyingine zote ilikuwa Kiswahili chetu wenyewe. Sisi wa visiwani tumezoea kukiona Kiswahili kama maji ya kisima cha nyumbani. Ni vyema tukaona pia namna kilivyotekwa na watu waliokuja kisimani kutoka mbali.

Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Upande wa magharibi nchi hiyo inapakana na Ziwa Tanganyika, na ndani yake imo Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wenyeji wake wa asili ni Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na jamaa zao, kila kabila na lugha yake. Kwa mtoto wa Kibende wa karne ya 19, Kiswahili kilikuwa lugha ya wapita njia: wafanyabiashara wa pwani waliokwenda Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na nguo huku wakiimba njia nzima. Hapakuwa na darasa wala kitabu. Mtu alijifunza maneno ya bei, ya maji, ya amani na ya ugomvi, kisha akaongeza kiitikio cha wimbo, na msafara ukapita.

Kituo cha kwanza cha wageni wa Ulaya kilichodumu katika nchi hiyo kilikuwa Karema, kando ya ziwa, kilichoanzishwa mwaka 1879 na Mbelgiji Cambier kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 kilikabidhiwa wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe. Hapo Karema ndipo alipofika mwaka 1889 Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi za karibu na Timbuktu, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa utabibu huko Malta, kisha akawatibu watu wa ziwani hadi alipofariki mwaka 1956. Fikiri, msomaji, juu ya kijiji kimoja kilichokusanya Kifaransa cha mapadri, Kilatini cha ibada, Kibende, Kifipa na Kiswahili. Lugha hizo hazikufika masikioni mwa watu kwa njia ya sarufi. Zilifika kwa nyimbo za kanisani na kwa mafundisho ya dini yaliyokaririwa kwa pamoja, kwa sauti na kwa mizani. Mapigo yaliyotuwezesha sisi kuhifadhi tenzi ndiyo yaliyowawezesha wao kuhifadhi maneno wasiyozaliwa nayo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na reli. Katikati ya karne iliyopita palikuwa na mgodi wa risasi karibu na Mpanda, na kwa ajili yake ikajengwa njia ya reli ya kilomita 210 hivi kutoka Kaliua, katika reli ya Tabora na Kigoma, ikafika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulivuta vibarua wa makabila mengi, na kambi ya watu wasioelewana kwa lugha za mama zao haina budi kutafuta lugha moja. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki. Na penye stesheni hapakosi gazeti la juzi, barua, santuri na habari za mjini.

Mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika, ilianza Sauti ya Dar es Salaam. Mwanzoni ilikuwa idhaa ndogo isiyosikika mbali na mji wenyewe. Ilikua, ikabadilishwa majina, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio hiyo ilikuwa na msimamo mmoja uliojenga taifa: haikutangaza kwa lugha za makabila. Mbende, Mpimbwe na Mkonongo waliokaa mbele ya redio ya betri walipata Kiswahili, na pembeni yake Kiingereza. Wengi hawakufungua redio kwa nia ya kujifunza. Waliifungua wasikie taarabu, muziki wa dansi, salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo, mpira, na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Hapana mwalimu aliyeshinda kichekesho. Anayeona wenzake wanacheka naye hajaelewa hupatwa na uchungu wa aina yake, na uchungu huo humfanya aulize: "Amesema nini?" Swali hilo ndilo mwanzo wa kila somo la lugha.

Wapenzi wa ushairi watakumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo ushairi nao ulifanywa kuwa chombo cha kufundishia. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, lakini aliingia katika bahari ya mashairi hadi malenga wa pwani wakamkubali. Yeye ndiye aliyeieneza ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana jukwaani, kupitia chama cha UKUTA. Ngonjera zikaingia katika shule za nchi nzima. Watoto wa bara, ambao nyumbani walisema lugha nyingine, walisimama wawili wawili mbele ya wazazi na viongozi, mmoja akiuliza, mwingine akijibu kwa vina. Kuna wakosoaji waliozidharau ngonjera kwa sababu ya siasa zake na wepesi wa baadhi ya tungo. Wana haki yao katika mizani ya sanaa. Katika mizani ya kufundisha lugha, hata hivyo, ngonjera ilikuwa na jambo ambalo redio haikuwa nalo: ilimlazimisha mtoto afungue kinywa.

Serikali nayo iligundua kwamba redio peke yake haitoshi. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha Kiswahili chepesi. Watu walisikiliza kipindi, kiongozi akasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Lengo lilikuwa afya. Lakini tazama umbo la somo lile: sauti inayovutia, mtu wa kati anayeeleza, na wasikilizaji wanaotakiwa kujibu na kutenda. Kwa vijiji ambavyo Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, lilikuwa pia somo la lugha, hata kama hakuna aliyeliita hivyo.

Ni katika mwaka huo huo wa 1973 ambapo Mpanda ilianza kupokea wanafunzi wapya wa Kiswahili, na hao hawakuja kwa hiari. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwafukuza maelfu ya watu, wengi wao Wahutu, wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika makazi matatu makubwa: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika wilaya ya Mpanda ya wakati huo. Katumba ilianza mwaka 1973, na Mishamo ikafuata kabla ya muongo kwisha. Wengi walikuwa wakulima wa milimani waliosema Kirundi. Waliosoma walikuwa na Kifaransa. Kiswahili kilijulikana zaidi katika mitaa ya Bujumbura na bandari za ziwani, si katika vijiji vya milimani. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katika miaka ya 1980, ameeleza namna wakimbizi walivyoshikilia kumbukumbu za nchi yao na kujiona kuwa taifa lililo uhamishoni. Lugha ilikuwa sehemu ya kumbukumbu hiyo. Mzazi aliyesema Kirundi mezani alikuwa analinda kitu.

Watoto wao walisoma kwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Na nje ya shule palikuwa na redio, nyimbo za dansi, mpira na soko. Kizazi kilichozaliwa Katumba kikakua kinacheka kwa Kiswahili. Mwenye kudhani kuwa hayo ni mambo ya burudani tu na asome Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, inayomtaka mgeni anayeomba uraia wa kuandikishwa awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Mwaka 2007 na 2008 wakimbizi wa makazi yale ya zamani, wapatao 218,000, waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuwa Watanzania. Asilimia 80 hivi walichagua uraia. Maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa mwaka 2010, na mnamo Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Lugha iliyookotwa kwenye ngonjera na vichekesho vya redio ikawa miongoni mwa masharti ya kuitwa mwananchi.

Waliochagua kurudi walikutana na upande wa pili wa sarafu. Vijana waliozaliwa Mpanda walirejea katika nchi ambayo shule zake hufundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Kirundi cha wengi wao kilikuwa cha nyumbani tu, na Kifaransa hawakuwa nacho kabisa. Kiswahili kilichomfanya mmoja raia kilimfanya ndugu yake mgeni darasani. Ndipo tunapoona kwamba kufundisha lugha ya kigeni si pambo la elimu. Kwa watu wa Katumba na Mishamo ilikuwa njia ya kupata ardhi, cheti, kazi na jina.

Hata hivyo, tusije tukatia chumvi. Burudani huokotesha lugha, lakini haiokoteshi lugha nzima. Ushahidi tunao hapa hapa kwetu. Tangu miaka ya 1950 filamu za Kihindi, kama Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, zilijaza majumba ya sinema ya Unguja na Pemba. Wapo wazee wetu wanaoziimba nyimbo zake kutoka mwanzo hadi mwisho, wakalia pale panapoliwa, ilhali hawawezi kumwomba Mhindi maji ya kunywa kwa lugha yake. Na taarabu, kabla Siti binti Saad hajaisimamisha juu ya Kiswahili na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya wengi wasiokielewa. Sauti waliipata, wakapata na mahadhi na matamshi. Maana ilibaki ng'ambo.

Mpanda nayo ilikuwa na Kihindi chake, nacho kilikuwa Kilingala. Muziki wa Kongo ulivuka ziwa kwa mawimbi ya redio, kisha ukaja na wanamuziki wenyewe. Vijana wa bara waliimba Kilingala usiku kucha bila kukijua. Linganisha na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978. Yeye alikifanya Kiswahili kuwa lugha ya tungo zake, akazungumzia kifo, umaskini na UKIMWI mpaka akaitwa Dokta. Tofauti baina yake na kijana anayeimba Kilingala asichokielewa ni hii: Ongala alilazimika kujibu. Aliishi miongoni mwa watu wa lugha ile, akakosolewa, akatunga upya. Anayeimba tu hakuna anayemkosoa.

Televisheni ilitufikia Zanzibar mapema, mwaka 1974, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994. Kwa miji ya mbali kama Mpanda, iliyotegemea umeme wa jenereta kwa miaka mingi, picha ziliingia zaidi kwa kanda za video, zikionyeshwa katika vibanda ambavyo watu walivibatiza jina la banda umiza. Mle ndani mtu aliketi ubaoni, bega kwa bega na mwenzake, akatazama filamu za Marekani, Hong Kong, India na Nigeria. Na hapo akazaliwa mtu wa kati wa aina mpya: mtafsiri wa filamu. Mashuhuri wao ni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake iliwekwa juu ya filamu za kigeni, akisimulia, akifafanua, akiongeza utani na methali za kwetu. Kazi yake inafanana na ya wasimulizi wa kale wa pwani, waliopokea hadithi za Uajemi na Arabuni wakazipa mji, majina na tabia za Waswahili.

Banda umiza lilifundisha lugha gani? Kiingereza kidogo, Kiswahili kingi. Sauti ya mtafsiri ilifunika sauti ya mwigizaji, na mtazamaji wa Mpanda alitoka akiwa na misemo mipya ya mjini, huku Kiingereza kikiwa kimebaki maneno mawili matatu ya vitisho na ya mapenzi. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2011, tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilipooneshwa na TBC ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Watu waliipenda sana, na Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013. Ilitufundisha kuwa ugomvi wa mkwe na mkaza mwana hauna mipaka, lakini Kichina chenyewe haikutufundisha. Mtu wa kati akizidi kuwa mwema humbeba mgeni mgongoni, na anayebebwa hajifunzi njia.

Leo banda umiza limeingia mfukoni. Nyaya za mawasiliano za baharini zilizotua pwani yetu kuanzia mwaka 2009, pamoja na simu za bei nafuu, zimemwezesha kijana wa Mpanda kutazama video za kila lugha kila saa. Na haja anayo. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza mtoto anaikuta fizikia, historia na jiografia kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari imeendelea na Kiingereza. Tunaweza kubishana juu ya hekima ya jambo hilo, na mwandishi huyu yuko upande wa Kiswahili. Mtoto aliyeko darasani leo, lakini, hawezi kusubiri mabishano yetu yaishe. Anayekutana na Kiingereza ubaoni tu, dakika 40 kwa siku, atakariri majibu asiyoyaelewa, na mtihani utamtoa shuleni. Hiyo ndiyo hasara iliyo mbele yetu, nayo ni kubwa kama ile ya kijana aliyerudi Burundi bila Kifaransa.

Je, video zitamwokoa? Zitamsaidia kwa sharti lile lile lililoonekana katika historia yake. Mfano mwema wa karibu ni Radio D, mchezo wa redio wa Deutsche Welle na Taasisi ya Goethe wa kufundisha Kijerumani, uliopata pia toleo la Kiswahili. Waandishi wa habari wawili, Paula na Philipp, wanafuatilia visa vya ajabu, na pamoja nao yumo bundi Eulalia, anayesema. Msikilizaji anataka kujua kisa kitaishaje. Mazungumzo yanabaki kwa Kijerumani, na msimulizi anaingia kwa lugha ya msikilizaji kidogo tu, anamshika mkono pale penye shimo, kisha anamwachia. Huo ni ukalimani wenye kipimo.

Mwalimu wa Mpanda mwenye simu moja na kipaza sauti kidogo anaweza kufanya vivyo hivyo. Achague kipande kifupi cha dakika mbili, chenye kisa, ambacho wanafunzi wake wanakipenda tayari. Wakitazame mara ya kwanza bila maelezo, wakisie. Mara ya pili awape maneno matano, si hamsini. Mara ya tatu azime picha, waigize wao wenyewe, wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, kama babu zao walivyosimama kwenye ngonjera. Siku ya pili wakisimulie upya kwa maneno yao, na wakosoane. Kazi hiyo haihitaji maabara ya lugha. Inahitaji mwalimu anayejua kwamba picha imemfungulia mlango tu, na kwamba kuingia ndani ni kazi ya vinywa vya watoto.

Tumalizie kwa neno la kwetu visiwani. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Watu wa mataifa mengi sasa wanakitafuta kama lugha ya kigeni, na kwanza wanakitafuta kwenye video. Wanachokikuta aghalabu ni orodha za salamu na majina ya wanyama wa porini. Redio ya zamani haikuwavuta Wabende na Warundi wa Mpanda kwa orodha. Iliwavuta kwa wimbo walioupenda, kichekesho walichotaka kukielewa na shairi walilotakiwa kulijibu. Malenga wetu wako hai, na ghani zao zinaweza kurekodiwa barazani kwa simu ile ile. Mwenda bure ataokota tu kile kilichowekwa njiani, na jukumu la kukiweka ni letu.